Miaka Baada ya Leza

Ukinitazama usoni huoni kitu. Daktari ndiye anayeona, akishaniegemeza kidevu kwenye mashine na kuleta mwanga wake mwembamba kutoka ubavuni: tundu dogo katika kila jicho, pembezoni mwa lile duara lenye rangi ambalo wao huliita airisi. Yalitobolewa kwa leza mwaka 2014. Nikiwasimulia watu, wengi huifunga hadithi hapo hapo: jicho liliugua, likapigwa leza, likapona, alhamdulillahi. Nami nashukuru kweli. Lakini yaliyonichosha ni ya baadaye, na hayo sikupata mtu wa kunieleza kabla hayajanifika.

Nauza kanga na vitenge Tanga. Mwaka ule nilikuwa na miaka 51, na tangu usichana wangu navaa miwani ya kukuza, ile inayomfanya mtu aonekane ametoa macho. Jicho linalotaka miwani ya namna hiyo mara nyingi ni jicho fupi, na jicho fupi lina nafasi finyu kwa mbele. Hilo nimelijua baadaye. Jioni ya kuugua kwangu nilijua tu kwamba nina mafua, nimemeza vidonge vya kukausha kamasi, umeme umekatika, na nina hesabu za dukani za kumalizia kwa tochi ya simu. Giza huipanua mboni. Baadhi ya vidonge vya mafua navyo huipanua. Kwa jicho lenye nafasi ya kutosha hilo si neno. Kwa langu lilitosha.

Maumivu yalianzia juu ya nyusi ya kulia yakashuka mpaka jinoni. Umeme uliporudi, kila taa ilikuwa imezungukwa na duara za rangi. Kisha nikatapika, nikatapika tena, mpaka tumbo likabaki tupu na kichwa bado kinapasuka. Zahanati ya kwanza walinipima malaria, haikuonekana, wakanichoma sindano ya maumivu na kuniambia ni kipandauso. Kwa haki yao, mtu akiingia usiku ameshika kichwa na anatapika, macho si kitu cha kwanza kufikiriwa. Asubuhi mwanangu alinimulika, akasema, "Mama, hili jicho lina ukungu, na mboni yake haichezi." Hakusomea udaktari, lakini aliona.

Hospitalini presha ya jicho la kulia ilisoma 58. Ya kawaida ni kati ya 10 na 21. Nikatundikiwa dripu, nikapewa vidonge vya asetazolamidi vilivyonifanya vidole vichonyote na soda ipoteze ladha kabisa, nikadondoshewa matone ya kuibana mboni ambayo yaliniuma paji kuliko ugonjwa wenyewe. Presha iliposhuka, daktari alichora kwenye karatasi ya dawa. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa wakati wote, nyuma ya airisi. Hupita katikati ya mboni kuja mbele, kisha hutokea kwenye chujio lililo katika pembe, pale airisi inapokutana na kioo cha mbele cha jicho. Umri ukienda, lenzi ya jicho hunenepa. Katika jicho fupi huisogelea mboni mpaka ikaiziba, maji yakakwama nyuma, na airisi ikatuna mbele kama tanga lililojaa upepo, ikalilalia lile chujio. Leza kazi yake ni kutoboa airisi pembeni ili maji yapate njia ya pili na tanga lishuke.

Kupigwa leza kwenyewe si jambo la kutisha. Jicho hutiwa ganzi, huwekewa kioo kidogo chenye jeli juu yake ili usipepese, na unaambiwa tazama mbele. Husikika "ta", na kila "ta" ni kama mtu amekupiga ukucha ndani ya jicho. Airisi zetu sisi watu weusi ni nene, kwa hiyo milio ilikuwa mingi. Daktari alikuwa akinong'ona, "Bado, mama. Bado kidogo," mpaka akasema, "Haya, maji hayo." Alikuwa ameona rangi ya airisi ikifuka na maji kuisukuma kuja upande wake, ndivyo wanavyojua kwamba limetoboka. Nikakalishwa kwenye benchi kama saa moja nipimwe presha tena, maana leza hiyo hiyo inaweza kuipandisha kwa muda.

Jicho la kushoto halikuwa limewahi kuuma hata siku moja. Daktari alitaka kulitoboa nalo. Nikamuuliza, kwa nini uguse kizima? Akanijibu kwamba jicho moja likishashambuliwa, lile la pili lisipotobolewa, karibu nusu ya watu hushambuliwa nalo ndani ya miaka michache. Nikakubali. Hata leo ningekubali. Ila nilikubali bila kujua kwamba jicho hilo zima ndilo litakalonisumbua kila siku.

Siku ya kuruhusiwa niliandikiwa matone ya wiki moja ya kutuliza uvimbe. Kwenye kadi yangu paliandikwa kwamba nimepona na nirudi nikipata shida. Sitaji ni hospitali gani, na wala sina haja ya kuitaja. Sentensi hiyo ningeikuta kokote: shambulio limekwisha, presha imeshuka, foleni nje ni ndefu.

Shida ya kwanza ilikuwa mstari. Katika jicho la kushoto, kila nikikaa kwenye mwanga mkali, mstari mweupe ulilala kwa upana chini kidogo ya kile ninachokitazama. Mteja akitaka nimsomee jina la kanga, mstari ulilala juu ya maandishi. Nilisugua, nikaosha, nikabadilisha miwani. Siku moja niligundua kwamba nikiuinua ukope wa juu kwa kidole, mstari unatoweka, nikiuachia, unarudi. Nikawa ndivyo ninavyosoma: kidole kimoja kwenye ukope, mkono mwingine umenyoosha kanga. Wateja wapya walidhani nina kikope, wengine walidhani nawakonyeza. Miaka kadhaa ilipita kabla daktari mwingine hajanieleza. Tundu la kushoto limekaa pale hasa ukope unapoishia, nusu limefunikwa, nusu liko wazi, na ule ukingo wa machozi ulio kwenye ukope huupinda mwanga unaoingia kupitia hapo. Tundu la kulia limefunikwa lote na ukope, halina usumbufu. Ni tofauti ndogo mno ya mahali pa kupiga, na madaktari wenyewe hawajaafikiana kama pazuri zaidi ni juu au pembeni.

La kulia lilikuwa na yake. Mboni yake haikurudi kuwa duara. Shambulio lilikuwa limeubana mzunguko wa damu wa airisi kwa saa nyingi, misuli yake ikafa sehemu, ikabaki imekaa wazi nusu, imevutika upande. Jua la Tanga saa saba mchana, likidunda kwenye barabara ya lami na mabati ya jirani, huingia humo bila kizuizi. Nilinunua kofia ya ukili yenye ukingo mpana, nikawa navaa juu ya mtandio. Wakanicheka, kisha wakazoea. Wajukuu wangu wakijua kuhesabu, wanajua pia kwamba bibi ana "jicho la duara na jicho la yai".

Hayo yote ni kero. Naziita kero kwa sababu nimekutana na jambo lenyewe, na jambo lenyewe halikuuma.

Mwaka 2019 nilikwenda kupimwa miwani. Kijana aliyenipima akapima na presha, akarudia, akaniuliza, "Mama, nani anakufuatilia?" Hakuna. Ya kulia ilikuwa 29. Akaandika rufaa pale pale, na nikapanda basi kwenda Moshi, Tanga mpaka Segera, Korogwe, Mombo, Same, jua likiingia dirishani njia nzima na mimi nimejifunika kanga mpaka puani.

Daktari niliyempata huko alifanya jambo ambalo tangu 2014 hakuna aliyelifanya: aliniwekea juu ya jicho kioo chenye vioo vidogo ndani, akazima taa, akachungulia ile pembe yenyewe. Ukilitazama jicho kwa mbele tu huioni. Imejificha, mwanga wake hauji moja kwa moja. Alikaa kimya muda mrefu kwenye jicho la kulia. Kisha akasema tundu liko wazi, linafanya kazi yake. Ila zaidi ya nusu ya pembe imegandana. Airisi imeshikamana na chujio kwa makovu, na hapo pakishagandana leza ya tundu haipabandui. Kushoto hapajagandana, lakini pembe iliyokuwa imefunguka baada ya leza ilikuwa imeanza kufinyika upya.

Nilikasirika. Nikamwambia, "Daktari, si nilitobolewa ili jambo hili liishe?"

Akanijibu kwa upole, na jibu lake ndilo ninalolibeba mpaka leo: "Mama, tulitoboa airisi. Lenzi hatukuigusa. Nayo haijaacha kukua."

Baada ya hapo nikawa mtu wa kuuliza. Mwanangu ana kompyuta na kizungu kizuri, nikawa namtuma anisomee. Akanikutanisha na Guangzhou, mji ambao wafanyabiashara wenzangu wanaujua kwa makontena. Hospitali ya macho ya Zhongshan huko Guangzhou ilichukua watu 889 wenye pembe finyu, wote bado hawajaugua, ikampiga kila mmoja leza jicho moja na kuliacha la pili. Matokeo ya miaka sita yalichapishwa 2019: macho 19 ya leza yalifikia ugonjwa, yasiyopigwa 36. Yaani leza ilipunguza nusu, lakini hata upande usiopigwa waliougua walikuwa wachache, hivyo watafiti wakasema si lazima kumtoboa kila mwenye pembe finyu. Waliendelea kuwafuatilia mpaka miaka kumi na minne. Safari hii ikawa macho 33 kwa 105. Faida ya tundu ilizidi kuonekana jinsi miaka ilivyokwenda. Na humo humo, walipozipima pembe zenyewe, waliziona zikipanuka baada ya leza na kisha kufinyika polepole mwaka baada ya mwaka.

Nilimwambia mwanangu arudie hapo. Kumbe haikuwa mimi peke yangu, wala leza yangu haikuharibika. Jicho linaendelea na safari yake ya uzee likiwa na tundu ndani yake.

Pia nilielewa kwa nini hakuna aliyenichungulia pembe kwa miaka yote ile. Kwetu presha ya macho iliyo nyingi ni ya aina nyingine, ile ambayo pembe iko wazi na chujio ndilo linalochoka. Watafiti waliopima vijiji vya Kongwa, Dodoma, na kuchapisha mwaka 2000, waliikuta presha ya macho ya aina zote kwa karibu asilimia 4 ya watu wa miaka 40 na kuendelea, na ya aina yangu haikufika asilimia 1. Daktari anayeona aina moja siku nzima, macho yake yamezoea hiyo. Sisi wachache tunapita katikati ya vidole.

Hata neno leza lenyewe linatuchanganya. Jirani yangu, mzee wa aina ile ya pembe wazi, alipigwa leza katika hospitali ya KCMC na kupunguziwa matone. Ile ni leza nyingine kabisa, hupigwa kwenye chujio lenyewe, na utafiti uliofanyika hapo hapo Moshi na kutoka 2021 ulionyesha kwamba mwaka mmoja baadaye ilikuwa imeyafaa asilimia 61 ya macho, ilhali matone ya timololi yaliyafaa asilimia 31. Alinishauri nikapigwe na mimi. Nikamweleza kwamba mlango wangu umeshagandana, hiyo leza yake haina pa kulenga. Hakuamini. Anadhani naogopa.

Mwisho wa 2019 nikaingia kwenye matone. Timololi asubuhi na jioni, latanoprosti usiku. Kabla sijaandikiwa timololi niliulizwa kama nina pumu, maana dawa hiyo inaweza kuibana pumzi na kupunguza mapigo ya moyo. Chupa ndogo, bei kubwa, na ikifunguliwa haikai zaidi ya mwezi. Bima ililipia moja, ya pili ikasema si katika orodha yake. Kuna miezi nililipia dawa kwa bei ya jozi kadhaa za kanga, na wateja wa kanga hawaongezeki kwa sababu mwenye duka ana presha ya macho.

Ramadhani ndiyo iliyonifundisha kudondosha vizuri. Nilikuwa na wasiwasi na uchungu unaoshuka kooni kila nikidondosha. Shehe wa msikiti wetu akanituliza kwamba matone ya macho hayafunguzi. Nesi naye akanionyesha la kufanya: ukishadondosha tone moja, funga jicho bila kupepesa, kisha bonyeza kwa kidole pale kona ya jicho inapokutana na pua, kama dakika mbili. Hapo ndipo machozi yanaposhukia puani. Ukipaziba, dawa nyingi inabaki kwenye jicho, na kidogo tu huenda kooni au kwenye moyo. Tangu siku hiyo uchungu ukapungua, na chupa ikawa inakaa zaidi kwa sababu nimeacha kumwaga matone matatu nikidhani nakosea.

Kile kipimo cha uwanja wa kuona nakichukia kuliko sindano. Unafumbwa jicho moja, unatazama nukta, na kila kitaa kikiwaka popote unabonyeza. Ukimya mwingi. Unajua kabisa kwamba kwenye ukimya huo kuna vitaa vinavyowaka na wewe huvioni. Karatasi ya jicho la kulia ilitoka na kiza upande wa pua, juu. Kimebaki hapo mpaka leo. Neva ya jicho ikifa haioti, na hilo daktari alilisema bila kupamba. Nilimheshimu kwa hilo.

Mwaka 2022 matone yalikuwa hayashiki tena upande wa kulia na lenzi imeanza mtoto wa jicho. Daktari akasema sasa tuitoe. Kulikuwa na utafiti wa hospitali thelathini katika nchi kadhaa, uliotoka 2016, watu 419 wenye ugonjwa huu na wasio na mtoto wa jicho. Waliotolewa lenzi mapema walikuwa na hali nzuri kuliko waliopigwa leza, presha ikashuka vizuri zaidi na dawa wakazihitaji kidogo. Lenzi ya asili ikitoka na ya bandia ambayo ni nyembamba ikaingia, airisi hurudi nyuma na pembe hupata nafasi. Upasuaji wenyewe kwa jicho fupi kama langu si mwepesi, nafasi ya kuchezea vyombo ni ndogo, na mboni yangu mbovu ilikataa kupanuka wakaitanua kwa vijiti. Nilisikia kila neno walilosema. Walikuwa wanazungumzia Simba na Yanga.

Presha ilishuka mpaka 15, kwa chupa moja badala ya mbili. Makovu ya pembe yapo, ndiyo maana chupa moja imebaki. Lakini jambo ambalo hakuna aliyenitayarisha nalo ni rangi. Nilipofunguliwa bandeji na kurudi dukani, bunda la kanga nililokuwa naliita jeupe, kwa jicho la kushoto lilikuwa rangi ya maziwa ya mgando, na kwa jicho la kulia lilikuwa jeupe la kuumiza. Buluu zilikuwa zimerudi. Zile za bahari, ambazo kwa miaka nilikuwa nazipanga pamoja na kijani. Nilipanga upya rafu zote siku hiyo, nikifumba jicho hili na lile, na msaidizi wangu akadhani upasuaji umenigusa akili.

Dada yangu mkubwa yuko Pangani. Ugonjwa huu hutembea kwenye damu, na yeye alikuwa na miwani ya kukuza kabla yangu. Nilimwomba miaka miwili akapimwe macho. Jibu lake lilikuwa moja: "Mdogo wangu, macho yangu yanaona. Ya nini kuyachokoza?" Sikubishana naye. Nilimtumia nauli na mjukuu wa kumsindikiza. Amechunguliwa pembe, ni finyu pande zote mbili, presha nzuri, neva nzima. Daktari hakumtoboa. Alimweleza faida na kasoro, akampa karatasi ya dawa za mafua za kuepuka, akampangia kurudi. Dada akaudhika: kwamba ametoka Pangani mpaka kwa daktari akaambiwa asubiri. Nami nilimwonea wivu, maana yeye ana mtu anayemtazama kabla.

Sasa tunajadili jicho langu la kushoto. Halijashambuliwa, halijagandana, bado lina lenzi yake na bado lina ule mstari wake. Pembe inafinyika kila mwaka kidogo, na daktari anaelekea kwenye kuitoa lenzi kabla presha haijapanda. Alitaka kunipangia mwezi wa Shaaban. Nikamwambia hapana: baada ya upasuaji wiki kadhaa sitaruhusiwa kuinua mzigo wala kuinama, na mabunda ya kanga za Idi huanza kushushwa Shaaban hiyo hiyo. Akaniuliza presha itasubiri Idi? Nikamuuliza ilisoma ngapi leo. Akatazama kadi: 17. Tukakubaliana mfungo mosi, wiki ya tatu, na nije kupimwa mara moja kabla ya hapo, duka liwe wazi lisiwe wazi.